Bahasha ya Mama, Nambari 117

Kwa wale ambao gazeti la juma lililopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nitarudia kwa ufupi, maana dhambi zangu ni nyingi na nafasi niliyopewa ni ndogo.

Mimi ni Frankline Odera, umri miaka kumi na minane na ushei, mkazi wa mtaa wa Mowlem, mhitimu wa shule ya bweni ambako nilijifunza kuhutubia, kukausha soksi chini ya godoro na kusema uongo bila kupepesa macho. Baba yangu, Nahashon Odera, mstaafu wa baraza la jiji, aliwania kiti cha mwakilishi wa wadi. Alishindwa kwa kura nne.

Nne. Watu wanne hawatoshi hata kubeba jeneza.

Siku chache kabla ya uchaguzi, Baba aliniagiza niwafundishe akina mama wa kanisa letu namna ya kupiga kura. Walijaa sebuleni. Kukhu Ayuma, bibi kizee ambaye mtaa mzima humwita nyanya kwa lugha ya kwao, akainua mkono.

"Mjukuu wangu, karatasi zikichanganyika zote kwa sanduku moja, watajuaje hii ni yangu?"

Mjue kwamba kanisani kwetu kila muumini ana bahasha ya sadaka yenye nambari yake. Bahasha isiyo na nambari haisomwi Jumapili, na sadaka isiyosomwa ni kama haikutolewa. Basi nikamjibu kwa sauti ya askofu: "Kukhu, andika nambari yako ya bahasha pembeni mwa karatasi."

Nikangoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliniuliza kama waandike kwa kalamu nyekundu au ya buluu.

Siku ya kuhesabu, karatasi tisa zilikutwa na nambari pembeni. Kura yenye alama ya kumtambulisha aliyeipiga huwa haihesabiwi. Zote tisa zikakataliwa. Mureithi, mwenye duka la mabati na misumari, akatangazwa mshindi. Baba akaenda mahakamani kuomba zile tisa zihesabiwe. Akina mama hawakumwambia kwamba nambari zilitoka kwenye somo langu, kwa sababu walidhani ndiyo sheria. Yeye alidhani ni uzee wao tu.

Na mimi, mwalimu wao, nilikaa kimya kama sanamu ya mtakatifu.

Sasa tuendelee na mateso.

Siku ya kufungua mfuko wa kura, tuliketi benchi moja: Baba katikati, Mama kulia kwake, mimi kushoto. Kukhu Ayuma na wenzake walijaza benchi la nyuma na leso zao za kanisa.

Hakimu alikuwa mama mwenye miwani yenye kamba. "Kwanza tuone kura hizi ni za mgombea yupi," alisema. "Kama zinafaa kuhesabiwa au hazifai, nitaamua baadaye."

Karani akaziinua moja moja, akasoma nambari na jina.

"Arobaini na mbili. Odera."

Baba akaniminya paja.

"Mia mbili na sita. Odera."

Akaniminya tena, kwa nguvu zaidi. Furaha ya Baba huumiza.

"Kumi na tisa. Mureithi."

Nyuma yetu Kukhu Ayuma akakohoa, akatazama dari. "Aliniwekea bomba la maji," akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti ambayo hata polisi wa mlangoni aliisikia.

Zikafuata Odera nne mfululizo. Paja langu likafa ganzi. Kisha karani akainua ya nane.

"Mia moja na kumi na saba," akasoma. "Mureithi."

Mkono wa Baba ukaachia paja langu.

Ya tisa ilikuwa Odera, lakini sidhani kama Baba aliisikia. Hakuhitaji kuuliza 117 ni ya nani. Mama, Celine Odera, ndiye katibu wa bahasha kanisani. Nambari ya Baba ni 116. Ya Mama ni 117. Kila Jumamosi bahasha hizo mbili hulala pamoja juu ya kabati la vyombo, kama walivyo wenyewe, mume na mke.

Baba akageuka akamtazama Mama. Mama hakumtazama. Alikuwa ameinama mbele, anaikodolea macho ile karatasi mkononi mwa karani, kwa muda mrefu kuliko tarakimu tatu zinavyohitaji kusomwa.

Kisha akanitazama mimi. Mara moja tu, akashusha macho.

Wakili wetu, Irungu, akaja mbio na karatasi yenye hesabu. Alikuwa anatabasamu.

"Mzee, saba zako, mbili zake. Saba toa mbili ni tano. Ulishindwa kwa nne. Hakimu akizikubali, umeshinda kwa kura moja."

"Moja," alisema Baba.

"Moja inatosha, kiti ni kiti. Sasa unisikilize. Hizo nambari hazina maana. Hatujui zilitoka wapi, hatujui ni za nani. Wakipata mtu wa kusema ni nambari za kanisa, tumekwisha. Kazi yako ni ndogo sana: nyamaza."

"Nimesikia."

"Na nyumbani kwako wanyamaze."

"Nyumbani kwangu," alisema Baba, "wanajua sana kunyamaza."

Kwenye veranda tukakutana na Mureithi anakula njugu. Sijui nani alimwambia 117 ni ya nani. Akina mama wa kanisa letu wanaweza kutunza siri ya Mungu, lakini siri ya jirani huwashinda kabla ya chai ya saa nne.

"Mzee Odera, pole sana," alisema Mureithi, akamnyooshea Baba kiganja cha njugu. "Mimi nilitembea wadi nzima nikiomba kura, viatu vikaisha. Kumbe nyingine ilikuwa kwako inakupikia ugali."

Watu wake wakacheka. Baba akachukua njugu moja, akaitafuna taratibu, akamshukuru. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nyumbani Baba hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliketi kwenye kiti chake, akavua viatu, akaviweka sambamba.

"Mia na Kumi na Saba," aliita. "Niletee maji."

Mama alisimama mlangoni mwa jikoni. "Unaniita nani, Baba Frankline?"

"Jina uliloandika mwenyewe."

"Mimi nilikupigia wewe. Na sikuandika kitu."

"Nambari haidanganyi. Si ndivyo unavyowaambia kanisani? Mtu anaweza kusema alitoa, lakini nambari ndiyo inajua."

"Nahashon."

"Maji, Mia na Kumi na Saba."

Akaletewa maji. Hakuyanywa. Aliyamwaga kwenye sufuria ya maua dirishani, akatoka kwenda kula kwa kibanda cha chakula.

Ikawa hivyo kila siku. Chakula cha Mama hakukigusa tena. Aliichukua bahasha yake, ile 116, kutoka juu ya kabati la vyombo akaihamishia ndani ya viatu vyake vya harusi. Shangazi zangu walipopiga simu, aliwaambia, "Mia na Kumi na Saba hajambo, anawasalimu." Alimwambia Mama, kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia, kwamba akishaapishwa tu atamtafutia gari la kumrudisha kwao Ugunja na vyombo vyake.

Mtaa nao haukubaki nyuma. Muuza mayai wa kona alinisalimia, "Niaje, mtoto wa 117?" Watoto wa jirani wakautungia wimbo wa kuruka kamba. Jumapili, Mama alipokuwa anagawa bahasha mpya, wazee wawili wa kanisa walizipokea kwa ncha za vidole, kama zina moto.

Alhamisi mchana nilimkuta Mama jikoni anakata mboga ya sukuma. Baba alikuwa kibandani, anakula.

"Funga mlango," alisema.

Nikafunga.

"Saba yako," alisema, akiendelea kukata, "kwa nini huwa unaikata kiunoni?"

Wasomaji wapendwa, kule bweni tulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyetulazimisha kuipitishia saba kistari katikati ili isifanane na moja. Aliyesahau alichapwa. Mimi sikusahau. Ni kitu pekee cha hesabu nilichoshika.

"Mama..."

"Niliiona siku ile ile, karani alipoiinua. Nimekuwa nikizisoma barua zako za shuleni tangu kidato cha kwanza. Tuma pesa, tarehe saba. Tuma sabuni, tarehe kumi na saba. Nisiijue saba yako?"

Sasa mnajua. Nilitaka niwafikishe hapa polepole, lakini mama yangu hana subira ya mwandishi.

Kura ile ilikuwa yangu. Kura yangu ya kwanza maishani.

Sababu ni hii. Kwenye mkutano wa mwisho wa kampeni, Baba alinivuta juu ya meza mbele ya wadi nzima. "Mnamwona huyu? Mtoto wangu wa pekee. Alipata D ya hesabu. Nimeficha? Sijaficha. Basi hata bajeti yenu sitaificha." Watu wakapiga makofi mpaka meza ikatikisika. Msichana mmoja ambaye simtaji alicheka akafunika mdomo.

Nilitaka Baba apungukiwe na kura moja. Moja tu, ya kumfunza adabu. Nilidhani atashinda kwa elfu mbili. Na nilipokuwa pale kituoni na kalamu mkononi, nikakumbuka mzaha wangu wa bahasha, nikaona aibu mwalimu asifuate somo lake. Mimi sina nambari. Kanisani bado nahesabiwa mtoto. Nikaandika ile niliyoijua kwa moyo, kwa sababu tangu nina miaka sita ndiyo niliyokuwa natumwa kuipeleka kikapuni.

"Nitamwambia," nilisema.

"Hutamwambia."

"Anakufukuza, Mama."

"Ukimwambia ulichofanya, ataanza kuuliza hizo nambari zilitoka wapi, na wewe ukianza kuongea hujui kukoma. Mureithi atapata shahidi, kiti kitakwenda. Baba yako ameota kiti hicho tangu anafagia barabara za watu." Akasukuma sukuma kwenye karai. "Akikosa kiti atakufa. Akinikosa mimi atakula kibandani. Ameshazoea."

"Na wewe?"

"Mimi nina dada Ugunja. Osha hii."

Nikaosha. Nililia kidogo, na kwa kuwa mimi ni mtu wa heshima, nililaumu kitunguu ambacho hakikuwepo.

Jumatatu, wakili wa Mureithi, mwanamke mrefu aitwaye Ndanu, alimwita shahidi mmoja tu: Celine Odera, katibu wa bahasha, aje na daftari lake.

Mama alipanda kizimbani mikono mitupu. Akashika Biblia, akaapa.

"Daftari liko wapi, mama?" aliuliza Ndanu.

"Lilinyeshewa."

"Lote?"

"Mvua haichagui kurasa."

Watu wakacheka. Hata hakimu alirekebisha miwani. Ndanu hakucheka.

"Kanisani kwenu kila muumini ana nambari. Nambari 117 ni ya nani?"

Irungu akaruka. "Napinga, Mheshimiwa. Hiyo ni siri ya kura."

"Haulizwi alimpigia nani," alisema hakimu. "Anaulizwa kama nambari ina mwenyewe. Jibu, mama."

Mama yangu ni mtu aliyewahi kunirudisha dukani kwenye mvua kwa sababu nilipewa chenji iliyozidi. Aliitazama ile Biblia.

"Sijui, Mheshimiwa."

Benchi la nyuma likavuta pumzi kwa pamoja. Nadhani Kukhu Ayuma ndiye aliyesema, "Yesu."

Irungu akafumba macho kwa raha. Uongo ule mmoja ulikuwa umekivuta kiti mpaka miguuni mwa Baba. Kilichobaki ni yeye kuketi juu yake. Kilichobaki ni yeye kunyamaza.

Baba akasimama.

"Anadanganya, Mheshimiwa. Ni yake. Nimelala kando ya nambari hiyo miaka ishirini."

Irungu akamshika koti. "Mzee, keti! Unajizikia kiti chako."

"Kizikwe," alisema Baba. "Lakini watu wajue."

Hakimu akagonga meza. "Mzee Odera hajaapishwa. Alichosema si ushahidi, na sitakiandika. Akisimama tena, atolewe nje."

Baba akaketi. Alikuwa anapumua kama mtu aliyetua mzigo. Kiti chake, kwa bahati mbaya, kilikuwa bado hai.

Ndanu hakuwa na haraka. "Mheshimiwa, basi shahidi aandike tarakimu hizi hapa mbele yetu, zilinganishwe na za kwenye kura. Zikifanana, nambari ina mwenyewe, na kura hizi hazihesabiwi. Zisipofanana, sitachoka. Kuna mtu aliyewaelekeza hawa akina mama kuharibu kura zao. Hilo si suala la kiti tena, ni kosa la jinai. Nitaomba polisi waanze kumtafuta leo, na waanzie nyumbani kwa mlalamishi."

Kwa mara ya kwanza maishani nilipiga hesabu haraka na nikaipata sawa. Saba ya Mama haina kistari. Huinama tu, kama bakora. Akiandika kama anavyoandika siku zote, hazitafanana. Baba atapata kiti. Mama atapata jina lake. Na mimi nitapata polisi.

"Mama, hulazimishwi," alisema hakimu. "Unakubali kuandika?"

"Nakubali."

Akapewa karatasi na kalamu. Niliisikia kalamu inakwaruza. Moja. Moja. Saba, iliyoinama kama bakora.

Mkono ukasimama.

Aliinua macho akanitafuta. Ndivyo alivyokuwa akinitazama siku ya wazazi, langoni mwa shule, nilipomwambia nimeshiba ili asinunue chakula. Hakuwahi kuamini. Alinunua kila mara.

Akashusha macho, akaikata saba kiunoni.

Karani akampelekea hakimu karatasi. Hakimu akaiweka kando ya ile kura, akainama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Zinafanana," alisema.

Irungu akafunga faili lake bila kumtazama mtu. Mureithi, aliyekuwa ukutani, akakunja mfuko wake wa njugu akautia mfukoni kwa adabu, kama aliye matangani. Baba akatikisa kichwa juu na chini, mara tatu.

"Nilisema," alisema.

Hakimu akamgeukia Mama. "Mama, dakika tano zilizopita uliapa kwamba hujui nambari hii ni ya nani. Unajua adhabu ya kiapo cha uongo?"

"Najua, Mheshimiwa."

Polisi wa mlangoni akaanza kusogea kuelekea kizimbani. Hakuwa na haraka. Viatu vyake vilikuwa vinalia.

Hakimu akashika kalamu. "Kabla sijaandika uamuzi wangu kuhusu shahidi huyu, kuna mtu mwenye la kusema?"

Nikasimama.

Kizimbani, Mama akanitikisia kichwa kunikataza. Mara moja tu.

Baba hakugeuka hata kunitazama. Alinivuta shati kwa nyuma, kama mtu anayemwondoa mtoto barabarani.

"Keti, Frankline," alisema. "Haya ni mambo ya hesabu."

Sikuketi.